Pembe Ukutani, Hati Mkononi

Pembe za tandala, zilizojisokota kama parafujo, hupendeza ukutani, iwe Sumbawanga mjini au kijijini Kate. Lakini kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, pembe, fuvu au ngozi ya mnyamapori ni nyara, na kukaa nayo bila kibali ni kosa la jinai. Wapo watakaouliza: kama babu aliiacha urithi, au mzoga uliokotwa porini, kosa liko wapi? Swali lina uzito, ila pembe haina mdomo. Ya kuokotwa na ya ujangili zinafanana. Tukipokea kila simulizi, jangili naye atakuwa na babu. Kinachotenganisha pambo na kielelezo cha mahakamani ni karatasi moja: hati ya umiliki.