Kashata Ndefu, Tairi Zee: Kweli na Uongo wa Kijiwe cha Pancha

Kaa nusu saa kwa fundi pancha yeyote na utaondoka na ushauri wa bure kuhusu matairi. Mwingine ni dhahabu, mwingine utakupeleka mtaroni.

"Tairi jipya ni kilomita 50,000, basi." Si kweli. Anayeenda kazini peke yake kwenye lami na anayejaza abiria kwenye barabara ya kokoto hawamalizi tairi kwa mwendo mmoja. Hata kwenye gari moja, kama injini inasukuma magurudumu ya mbele, hayo ndiyo huisha kwanza: yanavuta, yanakata kona na yanabeba sehemu kubwa ya breki. Kwa hiyo wazee wa gereji wanaosisitiza kuhamisha matairi ya mbele nyuma kila baada ya kilomita 10,000 hivi wana haki.

"Kashata bado ndefu, tairi zima." Si kweli, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Joto na hewa huukausha mpaka ukapasuka nyufa. Inama, tafuta herufi DOT ubavuni, kisha soma tarakimu nne za mwisho. Ukiona 2316, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Zisipoonekana upande wa nje, ingia uvunguni na tochi. Watengenezaji wengi wanashauri tairi lichunguzwe kila mwaka likishatimiza miaka mitano, na likifika kumi litolewe, hata kama ni spea ambayo haijawahi kugusa barabara. Ndiyo maana tairi la mtumba linalong'aa lisikubabaishe. Muulize muuzaji tarakimu hizo kabla ya kuuliza bei.

"Jua likiwa kali, punguza upepo." Uongo, tena wa hatari. Ni kweli presha hupanda tairi likipata moto, lakini kiwango cha mtengenezaji kimeshazingatia hilo. Ukipunguza, ubavu unajikunja zaidi kila gurudumu linapozunguka, joto linaongezeka, tabaka za ndani zinaachana, na tairi linapasuka ukiwa kwenye mwendo. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi, ukifuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kPa: 220 ni sawa na ile 32 ya fundi wako. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo tu, usijaze kwa kuifuata.

"Naitrojeni hurefusha maisha ya tairi." Chumvi nyingi. Hewa ya kawaida ni naitrojeni asilimia 78 tayari. Ile ya kulipia huvuja polepole kidogo, basi. Geji na macho yako vinatosha.

"Tandiboi akigonga tairi kwa chuma, anajua." Nusu kweli. Kwenye lori lenye matairi pacha, mlio mzito humfichulia lililokwisha upepo kabisa huku mwenzake akilibebea mzigo. Lililopungua kidogo tu hulia sawa na zima, na hapo itabidi atoe geji.