Anzeni na Kamanyola

Kutoka Bukavu kwenda Kamanyola kuna njia mbili, na kila moja ina gharama yake. Moja inapita Nyangezi na kuteremka Ngomo, ambako lori likikwama kwenye kona wakati wa mvua, magari yote ya nyuma yanangoja. Nyingine inavuka mpaka, inapita ardhi ya Rwanda mpaka Bugarama, kisha inaurudia upande wa Kongo kwenye mto Ruzizi. Gari halisumbuki, ila karatasi ziwepo na mpaka uwe wazi. Anayetoka Uvira ana karibu kilomita 80 za bonde. Na tangu Februari 2025, kundi la waasi la M23 lilipoiteka Bukavu na kufika Kamanyola, hakuna safari ya huko isiyopimwa upya kila asubuhi.

Ndiyo maana fundi wa kompyuta anayehudumia ofisi za Kamanyola hufanya kazi yake kwa mbali. Kituo cha afya kina takwimu za mwezi za kuingiza kwenye DHIS2, wakala wa forodha ana matamko ya bidhaa ya kufuatilia katika Sydonia, na wote wawili wanamtegemea mtu aliyeketi Bukavu au Uvira, akiwa ameifungua ekrani yao mbele yake. Siku muunganisho huo unapokatika, kazi inasimama, na wala si kwa sababu kompyuta imeharibika.

Mara nyingi hukatika baada ya sasisho. Jana kompyuta ilikubali, leo inakataa, na nenosiri ni lile lile. Ujumbe wa Kifaransa unasema utambulisho haukuthibitishwa na kilichoombwa hakiwezekani. Chini kabisa linatajwa neno CredSSP. Mafundi wa dunia nzima walikutana na ujumbe huo Mei 2018, na kisa chake kinafaa kuelezwa taratibu, maana kinafundisha mengi kuhusu mahali kama Kamanyola.

CredSSP ni sehemu ya Windows inayopeleka nenosiri lako kutoka kompyuta uliyoishika hadi ile unayotaka kuingia. Mwaka 2018 ilijulikana kuwa ina tundu: mtu aliyejipenyeza katikati ya mtandao aliweza kuuteka mwingiliano huo na kutoa amri kwenye kompyuta ya mbali kana kwamba ni wewe. Microsoft ilitoa kiraka tarehe 13 Machi, bila kumlazimisha mtu kitu. Tarehe 8 Mei likaja sasisho jingine lililobadilisha mpangilio wa kawaida, na kuanzia hapo kompyuta iliyosasishwa haikukubali tena kuingia kwenye ile isiyosasishwa.

Katazo hilo lina upande mmoja. Kompyuta ya fundi ikiwa imesasishwa na ya Kamanyola bado, mlango umefungwa. Ya Kamanyola ikiwa imesasishwa na ya fundi bado, kwa mpangilio wa kawaida anaingia bila tatizo.

Sasa tazama tunavyosasisha. Tunaanzia mjini, penye intaneti nzuri na umeme wa kutegemeka kidogo. Kamanyola, ambako mega hununuliwa kidogo kidogo na simu ndiyo inayoigawia kompyuta mtandao, ofisi huiambia Windows kuwa mtandao wake unalipiwa kwa kipimo, na Windows kwa utiifu huahirisha upakuaji mkubwa. Uamuzi huo una akili. Hakuna mhasibu atakayekubali fedha za mwezi ziishie kwenye faili asiloliona. Lakini matokeo yake ni kwamba kompyuta ya mjini inatangulia kwa miezi, na siku sasisho la kulazimisha linapofika, fundi anajikuta nje. Angeanza na Kamanyola, jambo hili lisingetokea. Faili la sasisho hupatikana lenyewe katika katalogi ya Microsoft. Lipakuliwe mara moja Bukavu, litiwe kwenye flashi, lipelekwe na mtu anayesafiri, kisha kompyuta za fundi zifuate baadaye.

Iko dawa ya haraka, nayo inanitia wasiwasi. Fundi hubadilisha thamani moja katika rejista ya kompyuta yake, ikubali tena kuunganishwa kwa njia ya zamani yenye tundu. Kwa saa moja, ili aingie, asasishe kule na kurudisha ulinzi, inaeleweka. Tatizo ni kwamba saa moja hugeuka mwaka, na kompyuta hiyo hiyo inashika majina ya wagonjwa na fedha za watu.

Kuna chanzo kingine cha kukataliwa, ambacho ni cha kwetu kabisa. Kinshasa iko saa moja nyuma ya Kivu. Kompyuta iliyotayarishwa kwa majira ya Kinshasa ikifika Kamanyola inaonyesha saa isiyolingana na ya ukutani, na mtu mwenye nia njema anaisogeza mbele kwa mkono. Kwa macho imekuwa sawa, lakini ndani, kwa saa ya dunia, imepotoka kwa dakika 60. Kwenye mitandao ya ofisi inayothibitisha watumiaji kwa Kerberos, tofauti ya saa inayovumiliwa kwa kawaida ni dakika 5. Kinachotakiwa kurekebishwa ni eneo la majira, saa yenyewe iachwe. Betri ndogo ya ndani ikifa, kila umeme unapokatika saa inarudi miaka ya nyuma, na mashine inapowashwa upya baada ya sasisho, lawama inaliangukia sasisho.

Yaliyobaki ni ya kukaguliwa kwa simu. Mtandao umehesabiwa upya kuwa wa hadhara, na ukuta wa ulinzi ukafunga mlango namba 3389? Mashine imerudishiwa mpangilio wa kulala? Windows ni toleo la Home, ambalo halipokei hata kidogo wageni wa RDP, njia ya Windows yenyewe ya kuingia kwa mbali? Kwa wanaoingia kwa programu ya AnyDesk kuna la ziada: Februari 2024 kampuni hiyo ilitangaza kuwa mifumo yake ilivamiwa, ikabadilisha cheti chake, na matoleo ya zamani yakapaswa kuachwa.

Simu hiyo inahitaji mtu wa kuipokea, na hapo ndipo ofisi nyingi hujidanganya. “Mama, ekrani iko inaandika nini?” “Papa, iko nyeusi tu.” Pengine fundi aliomba ruhusa ya msimamizi, na Windows ikaficha kisanduku cha kuthibitisha ili wa mbali asikibonyeze, mwenye kubonyeza ni mama aliyeketi pale. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, na kwa kuwa hazikuwaka, kuzitawala kwa mbali hakukusaidia. Nyingi zilihitaji mtu aziwashe kwa hali salama na kufuta faili moja kwa mkono, na zilizofungwa kwa BitLocker zilidai kwanza ufunguo wa tarakimu 48. Ofisi ya Kamanyola iwe na ufunguo huo kwenye bahasha, kabatini, chini ya mkono wa mama huyo, pamoja na nenosiri la msimamizi wa mashine. Na siku fundi atakapopata nafasi ya kushuka Ngomo, amketishe mbele ya klavie na kumwachia afanye mwenyewe, tangu kuwasha hadi kufuta.