Dawa za uzito na barabara ya Masisi

Wegovy, dawa ya kupunguza uzito, ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2021, bei yake rasmi ilikuwa dola 1,349 kwa mwezi. Mwaka 2024 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa karibu robo tatu ya Wakongo wanaishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku. Yaani kwa bei hiyo dozi ya mwezi mmoja ingemeza kipato cha siku zaidi ya 600. Mwenye duka la dawa Masisi au Walikale, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hana haja ya kushauriwa asiiagize.

Na bei ni nusu tu ya shida. Semaglutidi iliyomo ndani ya Wegovy huiga homoni ya utumbo inayouambia ubongo kwamba tumbo limeshiba. Daktari huipandisha dozi taratibu, na kalamu ya sindano isiyofunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Baridi hiyo haifiki huko kirahisi: uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa waasi wa M23 walipouteka mji Januari 2025. Kutoka Sake kupanda Masisi, mvua ikinyesha, lori hukwama kwenye tope, na likinasuka hukuta barieri ya kulipia. Walikale ndiyo mbali zaidi. Kwa miaka mingi ndege ndogo zilitua Kilambo, kwenye kipande cha barabara ya lami, zikipakia kasiteriti, madini ya bati.

Deksamethasoni haina matata hayo. Nayo ni ya jamii ya homoni, ila ni kidonge cha bei ndogo, kisichotaka jokofu, na hospitali inakihitaji kweli kwa mzio mkali na uvimbe. Kule Kinshasa kidonge hiki kimepata kazi nyingine: watu hukimeza ili wanenepe, mara nyingi pamoja na siproheptadini, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula. Kwa hiyo biashara ya homoni na uzito iliyostawi Kongo ni ya kuongeza kilo, tena bila cheti cha daktari. Uso huvimba, sukari na presha hupanda, na anayeacha ghafla baada ya kuzoea anaweza kuzidiwa vibaya.

Wanunuzi wa Wegovy wenye mshahara wa uhakika wangekuwepo, wachache. Kule Bisie, Walikale, kampuni ya Alphamin huchimba bati kwa kiwango cha viwanda. Lakini hata huko kazi ilisimama Machi 2025 vita viliposogea, ikaanza kurejea Aprili.

Kinachoweza kubadili hesabu ni India, ambako hataza ya semaglutidi ilipangiwa kufikia kikomo Machi 2026. Dawa nyingi za Kongo tayari zinatoka huko. Bei ikishuka, litabaki suala la baridi, na majokofu ya sola yaliyopo kwenye vituo vya afya yaliletwa kwa ajili ya chanjo. Baada ya chanjo, anayestahili nafasi ya kwanza humo ni mgonjwa wa kisukari anayeishi kwa insulini.