PICHA YA ANGANI NA KIPIMO CHA CHOMBO



Kulitazama Ziwa Tanganyika kutoka angani si jambo geni. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ndege za Wabelgiji zilizoweza kutua majini ziliruka kutoka upande wa magharibi wa ziwa zikaishambulia Kigoma, ilikokuwa meli ya Wajerumani Graf von Goetzen. Meli hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Liemba.

Siku hizi kazi ya kutazama yaweza kufanywa na droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani, yenye kamera. Kwa muda mfupi hupiga picha ya mitumbwi yote iliyo ufukoni, na urefu wa kila mmoja ukapimwa bila kuguswa. Lakini je, kipimo hicho chaaminika?

Picha hiyo imeundwa kwa nukta ndogo sana. Tuseme kwamba kutoka mita 100 juu ya maji, kila nukta hufunika sentimita 3. Mtumbwi uliochukua nukta 200 kutoka omo hadi tezi una urefu wa mita 6. Hesabu ni hiyo tu.

Tatizo limo katika hizo mita 100. Droni nyingi huhesabu kimo chake kutoka mahali iliporukia, wala si kutoka usoni pa maji. Ikirushwa kutoka mlimani, mita 20 juu ya ziwa, nayo ikaonyesha mita 100, kwa kweli iko mita 120 juu ya mitumbwi. Mtumbwi wa mita 6 utasomeka kuwa wa mita 5. Katika mji kama Bujumbura, ulioegemea milima, kosa hili ni rahisi kutokea. Kinyume chake, chombo chenye ubavu mrefu huikaribia kamera, kikaonekana kirefu kuliko kilivyo.

Kosa la mita moja si dogo. Kwa sababu yake, mvuvi wa ndagala asiye na hatia aweza kushtakiwa kuwa chombo chake sicho kilichoandikishwa. Na chombo kidogo chaweza kuruhusiwa abiria wa kukizamisha.

Dawa yake si ghali. Ulazwe ukingoni mwa maji mti wa mita 5 uliopimwa kwa utepe, uonekane katika picha ile ile. Ukisomeka pungufu au zaidi, vipimo vyote virekebishwe kwa kadiri hiyo. Kamera itazame chini wima, na mawimbi yakivuruga picha, irudiwe.

Hatimaye, mvuvi hana njia ya kubishana na picha iliyopigwa bila yeye kujua. Droni na ituonyeshe mahali pa kukagua. Kabla ya kuandika shtaka, askari ashuke ufukoni na utepe mkononi, akipime chombo mbele ya mwenyewe. Hapo ndipo sheria itakapoheshimiwa na yule anayeilinda na yule anayelindwa nayo.