"Kwetu" na Anwani: Mahali katika Sarufi ya Kumbukumbu

Mwaka 2010 mwongozaji Chris Milk, kwa ushirikiano na kampuni ya Google, alitoa video shirikishi iitwayo The Wilderness Downtown, yenye wimbo wa bendi ya Arcade Fire ya Kanada. Mtazamaji aliandika anwani ya nyumba aliyokulia. Kompyuta ikachanganya wimbo na picha za mtaa huo, kisha ikamtaka amwandikie barua mtoto aliyekuwa yeye zamani.

Mzaliwa wa Mamba au Gonja, katika Milima ya Upare, angeandika nini? Anwani ya wengi wilayani Same ilikuwa S.L.P., yaani sanduku la posta, aghalabu la shule au kanisa, wala si nyumba.

Sarufi ya Kiswahili hufafanua tatizo hili. Kiambishi pa- huonyesha mahali dhahiri. Ku- huonyesha mahali pasipo mipaka bayana. Aidha, mtu husema "kwangu" kwa nyumba anayoishi, bali kwa asili yake husema "kwetu", hata akiwa peke yake, kwa kuwa mahali hapo ni pa ukoo.

Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 ilikusudia kuzipa nyumba namba na barabara majina. Namba hiyo hujibu swali la pa-. Swali la ku-, ambalo ndilo hasa liliwagusa watazamaji wa video ile, bado hujibiwa na neno "kwetu".