Misa Irukayo Milima

Mkazi wa Rumonge ana ziwa mbele na milima nyuma. Milima hiyo ni ukuta kwa redio ya FM, kwani mawimbi yake husafiri kama mwanga wa kurunzi: yakikutana na kilima, hukoma.

Setilaiti huuruka ukuta huo. Hukaa juu ya Ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi. Misa isomwayo Roma hupaa huko na kushuka duniani kwa robo ya sekunde.

Mwaka 1998 setilaiti ya AfriStar ilirushwa ili nyumba za Afrika zipokee matangazo moja kwa moja. Lakini ilihitaji redio maalumu ya bei kubwa, isiyomudiwa na wenye kipato kidogo. Mwaka 2008 WorldSpace, kampuni iliyoimiliki, ilifilisika.

Radio Maria, iliyoanzia Italia na isikikayo leo Burundi na Tanzania, yafuata njia nyepesi kwa msikilizaji: dishi hupokea kituoni, mnara wa FM hueneza, na redio ndogo ya betri yatosha. Askari lindoni na mama akaangaye ndagala husali rozari ileile.

Ufuko huu waijua thamani ya sauti ya upatanisho. Tarehe 29 Desemba 2003, karibu na Minago, Balozi wa Papa, Askofu Mkuu Michael Courtney, aliuawa kwa risasi akiwa safarini. Betri, basi, si anasa. Na mwenye redio amwite jirani asiye nayo.