Udaktari wa meno: Je, mwana wa Msambweni ana mlango wake?

JE, mtoto aliyesoma shule ya kutwa vijijini Msambweni, ambako maabara ni chumba kimoja na chupa mbili tatu, apimwe kwa mizani ile ile na mwenzake wa shule kubwa ya bweni, wote wakitaka kuwa madaktari wa meno? Swali hili huzuka kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, na wazazi wengi wa Kwale hulijibu kwa kukata tamaa kabla hata hawajaulizia.

Sheria haikukata tamaa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 56, inaitaka serikali kuweka mipango maalum kwa jamii za walio wachache na zilizotengwa, na elimu imetajwa humo. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, iliyoleta KUCCPS mahali pa ile Bodi ya Pamoja ya zamani iliyojulikana kama JAB, inakitaka chombo hicho kiwafikirie walemavu, walio wachache na waliotoka sehemu zilizoachwa nyuma. Hata JAB yenyewe, kwa miaka mingi, iliwapunguzia wasichana pointi moja au mbili za kuingilia chuo kikuu.

Lakini kuingia chuo kikuu ni jambo moja, na kuingia kozi ya meno ni jingine. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari wa meno mwaka 1974. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret nacho kinafundisha. Masomo ni miaka mitano, na baada yake kuna mwaka wa kufanya kazi hospitalini chini ya uangalizi. Nafasi ni chache mno. Alama ya C+ humfikisha mtahiniwa langoni tu. Kinachoamua ni pointi za masomo manne ya kozi yenyewe, Biolojia na Kemia yakitangulia, na hesabu hiyo mwisho wake ni 48. Mara nyingi anayeteuliwa kusomea meno huwa amepita 40. Hapo huruma ya pointi moja haimfikishi mbali aliyeangukia 35.

Wapo wanaosema, tena kwa sauti, kwamba afadhali iwe hivyo. Nani atakubali kufunua kinywa mbele ya daktari aliyeingia chuoni kwa kupunguziwa? Hoja hii ina mvuto, ila haina mizizi. Nafuu hutolewa mlangoni, haitolewi ndani. Mtihani wa anatomia wa mwaka wa kwanza hauulizi kama umetoka Lunga Lunga au Lavington, na baraza linalosajili madaktari halina daftari la pembeni la watu wa Pwani. Aliyeingia kwa nafuu na akahitimu, amehitimu kama wengine.

Jirani zetu Uganda walilikabili jambo hili waziwazi. Tangu mwaka 1990 wasichana wanaoomba kuingia vyuo vikuu vya umma kule huongezewa pointi 1.5. Baadaye, mwaka 2005, zikatengwa nafasi za kila wilaya, ili mtoto apambane na wenzake wa kwao kwanza. Mpango huo una lawama zake, kubwa ikiwa ni watu wa mjini kukimbilia wilaya za mbali kufanyia mtihani huko. Hata hivyo mzazi wa Uganda anajua nafasi zilizotengewa wilaya yake ni ngapi. Mzazi wa Kwale akiuliza hivyo ataambiwa kuwa hali ya mwanawe "itazingatiwa". Neno hilo halihesabiki.

Sasa tuje kwenye kikwazo ambacho hakihusiani na pointi hata kidogo: makaratasi.

Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji miaka ya 1930 na baadaye kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa huku Pwani. Wengi wakatulia Kwale, kama vile Makongeni karibu na Msambweni. Watoto na wajukuu wao walizaliwa Kenya, wakasoma Kenya, lakini hawakuwa na kitambulisho. Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, naye akaagiza wapewe vitambulisho. Mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa Kwale na Kilifi walingoja hadi 2023.

Hebu mfikirie kijana wa jamii hizo kabla ya miaka hiyo. Hata angepata A katika kila somo, mkopo wa HELB huombwa kwa kitambulisho. Akaunti ya benki vivyo hivyo, hata laini ya simu. Wapo waliosajiliwa kuzaliwa kwa jina la jirani ili mradi wapate cheti, kisha jina hilo likawafuata hadi kwenye cheti cha mtihani. Kulibadilisha baadaye ni kazi ya wakili na kiapo. Naona hii ndiyo dhuluma kubwa kuliko tofauti ya maabara, kwa sababu haikupima akili ya mtoto hata kidogo.

Kwa mwenye ulemavu pia karatasi hutangulia. Bila kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, hali yake haionekani kwenye maombi. Hapa wazazi waambiwe ukweli: kazi ya meno ni ya mikono na macho. Mguu uliopooza si lazima umzuie mtu. Mkono unaotetemeka ni suala jingine, na ni heri kukiuliza chuo mapema kuliko mwaka wa tatu, siku ya kushika mashine.

Ipo njia ya kuzunguka. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, hutoa diploma ya afya ya kinywa ya jamii kwa mwenye wastani wa C na alama zinazotakiwa katika masomo husika. KMTC ina kampasi hapo Msambweni, ila usidhani kila kozi inafundishwa huko. Soma tangazo kwanza. Afisa wa aina hiyo hung'oa na kuziba meno na kuzunguka mashuleni. Akitaka shahada baadaye, aulize chuo anachokitaka kinapokeaje wenye diploma.

Kwa aliye shuleni sasa, tarehe ni mbili. KCSE ya mwisho ni ya mwaka 2027. Na kwa walio katika mfumo mpya, aliyeingia Gredi ya 10 bila kuchagua mkondo wa sayansi atakuwa ameuacha udaktari wa meno akiwa na miaka 15. Cheti cha kuzaliwa nacho kitazamwe leo, herufi kwa herufi, kabla jina halijaandikishwa kwa mtihani.